Kahawa Ilivuka Ziwa, Ujuzi Ukabaki Ng'ambo

Kwa miaka mingi kahawa ya kisiwa cha Idjwi ilisafiri usiku. Mkulima aliyamenya matunda kwa mawe, akaanika buni kwenye mkeka au juu ya udongo mtupu, kisha gunia likapakiwa mtumbwini na kuvushwa Ziwa Kivu hadi upande wa Rwanda, kwa mnunuzi anayelipa taslimu. Upande wa Kongo kodi na michango havikuwa na mwisho, barabara zilikuwa zimekufa, na wanunuzi wa maana hawakuwepo. Waliofika salama walirudi na sabuni, chumvi na nguo za watoto. Wengine walikutwa na dhoruba katikati ya ziwa, wakazama pamoja na mzigo. Kisiwani wapo wajane walioachwa na biashara hiyo.

Ng'ambo hiyo hiyo, kuanzia mwaka 2001, mradi ulioitwa PEARL, kwa fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani, na ushirikiano wa vyuo vikuu viwili vya Marekani na Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, ulikuwa ukiwafundisha wakulima wa Maraba kuosha kahawa kituoni, kuichambua punje kwa punje na kuiuza kwa wachomaji wanaolipia ubora. Vituo vya kuoshea kahawa nchini Rwanda, vilivyohesabika kwa vidole mwanzoni mwa karne, vilipita 200 ndani ya miaka kumi na mitano. Mwaka 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza Afrika kuandaa mashindano ya kahawa ya Cup of Excellence. Mkulima wa Idjwi angeweza kuziona taa za ng'ambo akiwa mlangoni kwake. Kahawa yake ilivuka kila msimu. Ujuzi wa kuipandisha bei haukurudi na mtumbwi.

Katika Kivu, bidhaa hupata njia hata pale njia isipokuwepo. Ujuzi ndio unaochelewa. Kwa hiyo habari ya watu wa Bukavu, mji wa Kongo ulio kwenye ziwa hilo hilo, wanaofundishana kazi ya masoko kupitia simu zao ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Watu hao hawana jina moja. Kijijini wengine huitwa agronomu, wengine animateri, wengine hujulikana tu kama watu wa mradi. Wengi wamepita ISDR, chuo cha maendeleo vijijini cha Bukavu, au Chuo Kikuu cha Kiinjili, au Chuo Kikuu cha Kikatoliki. Yumo mhasibu wa ushirika wa kahawa wa Kalehe, yumo msichana anayefuatilia vikundi vya akiba huko Kadutu, yumo kijana anayejaribu kumshawishi muuza pembejeo wa Walungu afungue duka la pili. Kinachowaunganisha ni swali wanaloamka nalo: kwa nini soko hili halimfai maskini, na ni nani, kati ya watu waliomo tayari sokoni, anayeweza kulirekebisha na bado akapata faida yake?

Swali hilo lina historia. Kwa miongo mingi msaada ulifika kijijini kwa lori: majembe, mbegu, mbuzi, picha ya pamoja, kisha lori likaondoka. Mbegu za bure zikifika wakati ule ule ambao muuza mbegu wa soko la karibu amemwaga akiba yake yote dukani, biashara yake inakufa. Msimu unaofuata, msaada ukikoma, hakuna mbegu wala muuzaji. Kutokana na makosa ya namna hiyo, wataalamu wa Springfield Centre mjini Durham, Uingereza, pamoja na wafadhili wa Uingereza na Uswisi, walijenga mkabala wa kuyafanya masoko yawahudumie maskini, na kufikia 2008 miongozo yake ilikuwa imechapishwa. Mchoro wake maarufu unafanana na andazi lenye tundu katikati. Pale katikati wamo muuzaji na mnunuzi. Upande mmoja wa andazi zimo huduma zinazowasaidia: mikopo, usafiri, habari, ujuzi. Upande wa pili zimo sheria, kodi na mazoea. Anayefanya kazi hii haruhusiwi kuingia katikati na kuuza au kununua mwenyewe. Hukaa pembeni, akamsukuma huyu kidogo, akamkutanisha yule na mwenzake, kisha akaondoka bila soko kuanguka.

Kongo ilipata mradi wake mkubwa wa aina hiyo mwaka 2013, ulipoanza ÉLAN RDC kwa fedha za Uingereza chini ya kampuni ya Adam Smith International, ukiwa na lengo la kuinua kipato cha zaidi ya watu milioni moja. Kahawa ya Kivu ilikuwa mojawapo ya kazi zake. Nchi iliyouza nje zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilikuwa imeporomoka hadi takriban tani 10,000 zilizoandikwa rasmi. Hata hivyo haikuwa lazima kuanza na mikono mitupu. Huko Minova, kwenye ufuo wa Kalehe, Joachim Munganga alikuwa ameanzisha ushirika wa SOPACDI mwaka 2003, na mwaka 2011 kahawa yake ikawa ya kwanza ya Kongo kupata cheti cha Fairtrade. Mwaka 2013 Marceline Budza, mwanamke mwenye taaluma ya kilimo kutoka Bukavu, alianzisha Rebuild Women's Hope ili wanawake wa Idjwi wauze kahawa kwa majina yao wenyewe. Yakaja mashindano ya Saveur du Kivu, ambapo waonjaji wa Kongo na wageni waliketi meza moja, wakanusa, wakavuta kwa kijiko, wakatoa alama.

Meza hiyo ni muhimu kwa habari hii, na itarudi.

Kwanza ramani. Kutoka Bukavu hadi Goma mtu hupanda boti, kwa kuwa barabara ya taifa namba mbili inayopita kandokando ya ziwa huvunja magari na migongo. Kwenda Uvira ni kushuka miteremko ya Ngomo. Shabunda, iliyomo ndani ya mkoa huo huo wa Kivu Kusini, kwa miaka watu wengi waliifikia kwa ndege ndogo. Mhitimu wa ISDR anayepelekwa Bunyakiri au Mwenga anaweza kukaa miezi bila kuonana na mtu hata mmoja anayefanya kazi kama yake. Ana mkuu wake mjini anayedai ripoti, ana wakulima wanaodai majibu. Wa kumwambia "nami nilikwama hapo hapo, nikafanya hivi" hana. Ziara za kubadilishana uzoefu zipo kwenye karibu kila bajeti ya mradi, lakini ziara hula mafuta, posho na siku tatu, nayo huenda mara moja kwa mwaka, mara nyingi kwa wakubwa.

Kivu imewahi kulitatua tatizo hili kwa zana za wakati wake. INADES, taasisi iliyoanzishwa na Wajesuiti mjini Abidjan mwaka 1962, iliwafundisha wakulima na wahamasishaji wa Afrika kwa barua: somo linakuja kwa posta, mwanafunzi anajibu maswali kwa kalamu, anarudisha. Mwaka 1993 mashirika ya Bukavu yalianzisha Radio Maendeleo, na kando ya redio hiyo vikazaliwa vilabu vya wasikilizaji vijijini. Watu walisikiliza kipindi pamoja, wakabishana, kisha mawazo yao yakarudi studio. Waasi wa RCD, waliokuwa wakiutawala mji, waliifunga redio hiyo mwaka 1999, jambo linaloonyesha kwamba walielewa vizuri nguvu ya watu kuelezana mambo yao wenyewe. Simu ya leo inaendeleza kazi ya redio hiyo na bahasha zile za posta.

Duniani, watu wa fani hii walihamia intaneti mapema. Mtandao wa SEEP wa Marekani uliwakutanisha kwa miaka mingi, na tangu 2014 upo BEAM Exchange, uliofadhiliwa na Uingereza na Uswisi, wenye hazina ya taarifa za miradi na mikutano ya moja kwa moja ambapo mtu wa Bangladesh huulizwa na mtu wa Nigeria. Ni hazina ya kweli. Mtu anayefungua taarifa zake hukuta miradi ikikiri kwamba mshirika wa kibiashara aliyechaguliwa alikimbia, au kwamba wakulima walichukua mbolea kwa mkopo wakauza mazao kwa mwingine.

Lakini hazina hiyo, kwa sehemu kubwa, inasema Kiingereza. Bukavu husoma Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili, Mashi, Kihavu na Kilega. Juu ya lugha kuna gharama. Video ya saa moja inamaliza megabaiti ambazo mtu alinunua zimtoshe wiki, na umeme ukikatika katikati ya mjadala, router inazimika nao. Ukiwa na kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya ofisi za Nairobi au Geneva, hutakifikisha Kadutu kwa kutafsiri kichwa chake tu.

Njia iliyoshika Bukavu ni WhatsApp, na ndani ya WhatsApp ni sauti. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili hauli megabaiti nyingi, unasubiri hadi mtandao urudi, na haumlazimishi mtu kuandika Kifaransa cha ofisini. Mtu hueleza kama anavyoeleza barazani. Mtu wa nje akisikia kelele za kuku na pikipiki nyuma ya sauti ataona ni usumbufu. Kwa mtu wa kazi, kelele zile zinampa uhakika kwamba msemaji yuko shambani kweli.

Chukua ugonjwa wa kiazi. Ni kasoro ambayo Kivu, Rwanda na Burundi zinaugua pamoja: kikombe cha kahawa kinanuka kiazi kibichi. Punje moja ikiingia katika kahawa inayosagwa, birika zima limeharibika, na mnunuzi wa ng'ambo anaweza kukataa mzigo mzima kwa hofu ya punje hiyo. Kasoro yenyewe inahusishwa na kunguni wa kahawa, mdudu mwenye umbo la ngao na madoa ya rangi ya chungwa na nyeupe, anayetoboa tunda na kufungulia njia bakteria. Punje iliyoathirika mara nyingi haionekani kwa macho. Hakuna dawa moja. Kuna mlolongo wa mambo madogo: kupogoa mti ili mwanga uingie, maana kunguni hupenda kivuli kizito, kuokota wadudu kwa mkono, kuyatia matunda majini na kuyatoa yanayoelea, kuchambua tena yakiwa mabichi na tena yakikauka.

Kila hatua katika hizo ina mtu anayeijua kwa mikono. Mwanamke anayechambua kahawa mezani kituoni anajua tundu la kunguni linavyoonekana na linavyotofautiana na jeraha la mashine. Kijana wa kituo anajua maji yakibaki machafu punje zinazoelea zinadanganya. Mhasibu anajua kitu ambacho hakimo katika kitabu cha kilimo: mkulima hapogoi kwa kuwa mti uliopogolewa humpa matunda machache mwaka ule, na ada ya shule ni ya mwaka ule. Picha ya kunguni ikitumwa kutoka Kabare asubuhi, jibu lenye manufaa litatoka kwa yule wa Kalehe aliyewahi kukutana na mkulima aliyekataa kupogoa, akamshawishi aanze na safu moja tu ya miti. Maelezo ya safu moja hayatoki kwenye mwongozo wa Durham. Yanatoka kwa mwenzako.

Hapo ndipo meza ya Saveur du Kivu inarudi. Ladha haipiti kwenye simu. Hakuna ujumbe wa sauti utakaomfundisha mtu harufu ya kiazi kibichi. Ni lazima ainuse mara moja na wenzake, ili siku nyingine mmoja akisema "ni ile," wote wajue ni ipi. Watu waliowahi kuonja pamoja huulizana kwa simu bila haya. Wasiowahi kuonana hutumiana salamu, maombi na matangazo ya kazi, halafu kundi linanyamaza. Mfadhili anayedhani kufundishana mtandaoni kutamwokolea nauli zote anakosea: nauli ya kuwakutanisha mara ya kwanza ndiyo inayolipia mazungumzo yote yanayofuata.

Kuna eneo ambalo Bukavu ina ya kufundisha kuliko ya kufundishwa, nalo ni akiba. Likelemba, mchango wa mzunguko, kila mtu anaufahamu. Juu yake Kivu Kusini imezoea MUSO, vikundi vya mshikamano vyenye makasha matatu. Kasha la kijani ni akiba ya wanachama, inayokopeshwa na kurudishwa na riba. Kasha jekundu ni la misiba na magonjwa. Kasha la buluu hupokea fedha kutoka nje, za benki au za mshirika. Ubora wake umo katika kutenganisha. Jasho la wanachama halichanganywi na pesa ya mgeni, kwa sababu watu wanaoogopa kumwangusha jirani hawaogopi kuuangusha mradi. Miradi mingapi ya mikopo Afrika imekufa kwa kukosa kasha la buluu?

Jirani wa karibu wa mfano huo hayuko Durham. Shirika la CARE lilianza vikundi vya akiba vya vijiji huko Maradi, Niger, mwaka 1991. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfano huo ulifika Zanzibar, kwenye vijiji vya Jozani, kwa jina la JOSACA, na Tanzania bara ukaitwa VICOBA. Mama wa VICOBA wa Morogoro na mama wa MUSO wa Bagira wana lugha moja. Wangeweza kusemezana kesho asubuhi bila mkalimani, jambo ambalo mtaalamu wa Bangladesh na wa Nigeria hawana budi kulifanya kwa lugha ya kuazima. Hata hivyo mikutano ya watu wa fani hii kwa Kiswahili ni adimu mno, na hapa lawama ni yetu sisi tunaotumia lugha hii, kabla ya kuwa ya mfadhili.

Kazi ipo, ni kweli. Kwa wengi wa Bukavu "kuuza" maana yake ni kununua, na anayetoa mali apate pesa "anauzisha." Mtanzania akisema kwenye ujumbe wake "wanawake wetu wanauza mchele," msikilizaji wa Kadutu anaweza kuelewa kwamba wanaununua, na mfano mzima wa soko ukageuka miguu juu. Ni jambo la kuulizana na kurekebishana. Watu wanaofanya biashara hulimaliza kwa sentensi moja, wakishajua lipo.

Kisha ukaja mwaka 2025, na kila kitu kilichokuwa kikisemwa kuhusu masoko kikapimwa kwa namna ambayo hakuna aliyeiomba. Tarehe 20 Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Siku chache baadaye tovuti ya USAID ilizimwa, na pamoja nayo maktaba ya ripoti za miongo mingi, zikiwemo za kahawa na maharage ya Kivu. Tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa rasmi. Watu waliokuwa na mkataba Ijumaa hawakuwa nao Jumatatu. Aliyekuwa amehifadhi faili kwenye simu yake ndiye akawa maktaba ya wenzake.

Katikati ya hayo, tarehe 14 Februari, wapiganaji waasi wa AFC/M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu na kuanza kuingia Bukavu. Tarehe 16 mji ulikuwa mikononi mwao. Benki zilifunga milango. Fedha za vyama vya ushirika zilibaki kwenye akaunti, zikionekana kwenye karatasi na zisishikike mkononi, wakati msimu mkuu wa kahawa ulikuwa wiki chache mbele. Kilichobaki kikizunguka ni noti chakavu, dola, na pesa za simu: M-Pesa, ambayo Vodacom iliileta Kongo mwaka 2012, Airtel Money na Orange Money. Mawakala wenye noti walikuwa wachache, na kuitoa pesa kukawa ghali.

Maswali ya wakati huo hayakuwa na jibu katika mwongozo wowote. Mkulima alipwe kwa simu ilhali wakala wa kijiji chake hana noti? Muuza sabuni na mafuta wa kijijini akubali kulipwa kwa simu, ili mkulima asihitaji noti kabisa? MUSO iendelee kuweka kasha nyumbani kwa mweka hazina, au igawe akiba haraka kabla ya wezi kujua? Watu wa Goma walikuwa wametangulia kwa zaidi ya wiki mbili katika dhiki hiyo, kwa kuwa mji wao ulitekwa mwishoni mwa Januari. Wiki mbili ni ndogo kwa mwandishi wa ripoti. Kwa mtu anayesubiri kufanya uamuzi ni kubwa sana. Aliyekuwa na mwenzake Goma wa kumpigia alijua mapema nini kinakuja.

Hofu nayo iliingia. Katika mji wenye silaha, mtu hufikiri mara mbili kabla ya kusema kwenye kundi la watu mia nani ana fedha wapi. Makundi makubwa hupoa, na mazungumzo yenye uzito huhamia kwa watu watano au sita wanaoaminiana. Huko huhifadhika vizuri, lakini kijana mpya wa Mwenga asiye na mtu anayemfahamu hubaki nje, na wanawake wengi, ambao mara nyingi simu ya nyumbani si yao, hubaki nje zaidi. Wakongwe wa kazi wanaweza kumbeba mgeni mmoja mmoja kwenye vikundi hivyo vidogo, na kikao cha MUSO, ambako simu moja husikilizwa na wanawake ishirini na tano, kinaweza kufanya kazi ya klabu ya wasikilizaji ya zamani.

Mahitaji yenyewe hayasubiri. Kahawa nyingi ya Kivu huiva kati ya Machi na Juni. Inahitajika takriban kilo tano za matunda kupata kilo moja ya kahawa iliyooshwa na kukauka na ganda lake la ndani, na tunda lililochumwa asubuhi linapaswa kumenywa siku hiyo hiyo, la sivyo linaanza kuchacha kwenye gunia. Mashine ikikwama saa kumi jioni huko Kalehe, magunia yakiwa yamepangwa mlangoni na wakulima wamesimama kando yake, anayeiendesha anahitaji sauti ya mtu aliyewahi kuifungua mashine kama ile, kwa lugha anayoielewa, kabla giza halijaingia.